Madaftari Mawili ya Hamidu

...na huyu nesi naye anaita namba bila kutazama watu, kumi na sita, kumi na saba, kana kwamba tumekuja kugawiwa sukari, na Tunu ana ishirini na mbili, yuko kwenye benchi hili tangu saa moja asubuhi, pembeni yake mdogo wake Hamidu anatikisa goti na kubishana na mtu asiyeonekana, mkobani mwa Tunu daftari la hospitali, lile la kichwa, na la pili, la unga, amelisokomeza kiunoni ndani ya kanga, hapa lisionekane, hapa ni kliniki ya akili, mwaka jana mlango huuhuu ulimwambia, "Dada, huyu teja, akaache unga kwanza ndipo mje," akampeleka kwenye kliniki ya dawa ya mateja, huko nako, "Huyu anasikia sauti, akatibiwe kichwa kwanza," kwanza, kwanza, kila mtu na kwanza yake, sasa afanyeje, amkate ndugu yake vipande viwili, kichwa akiache huku, mwili aupeleke kule?... "Dada Tunu, wananitaja tena," "Nani?" "Wa kwenye treni," na hapa hakuna treni, treni iko Soga, nyumbani, ndiyo aliyoifuata kwa miguu kandokando ya uzio siku ile akisema inamwita, na alimwambia mwenyewe, kwa akili zake timamu, navuta ili wanyamaze, dada, unga ukiisha wanarudi na wenzao, basi hata mtoto wa chekechea angeelewa kwamba ugonjwa ni mmoja, isipokuwa hawa wa makoti meupe, hawa na mjomba Twalibu, aliyekuja kutoka Msimbu na ubani wake, eti kijana ana jini apungwe, na mama, ooh, mama, miezi minane anawaambia majirani Hamidu ana malaria, mama huyohuyo aliyemlea Tunu kwa mficha uchi hazai... "Kumi na tisa!"... Tunu angempata mtu wa kumtukana angemtukana, lakini nani, nesi? mama? na wewe mwenyewe Tunu, wewe mjanja, uliyekwenda dukani ukanunua daftari la pili, rangi ileile, ukaandika jina lilelile, ukajipongeza, huku nitasema havuti, kule nitasema hasikii sauti, na milango yote miwili ikafunguka, wakampa vidonge vya usiku huku, wakamnywesha dawa ya asubuhi kule, hakuna aliyejua ya mwenzake, mwezi uliopita mchana jua kali Hamidu akalala mkekani hakuamka, midomo imekuwa ya bluu, akikoroma kama anayezama, Tunu akambeba kwa bodaboda hadi hospitali, daktari akapiga kelele, "Anatumia dawa gani? Dada, dawa gani!" na yeye akafungua mkoba akatoa daftari, moja, moja tu, la pili likimchoma kiunoni, kwa sababu aliogopa watamfukuza, mdogo wake anakata roho na yeye anaogopa kufukuzwa, Hamidu alipona kwa kudra za Mungu, si kwa Tunu, na hilo hajamwambia mtu, wala mama, wala Hamidu... "Ishirini!"... mkono unaingia kiunoni wenyewe, unalitoa, limelowa jasho, kona zimejikunja, analiweka mapajani, anatoa la mkobani, analiweka juu yake, na Hamidu ameacha kubishana, anayatazama madaftari, anavuta kanga ayafunike, "Dada, lile wasilione, watatufukuza," anasema kwa kunong'ona, kwa hofu, maneno ya Tunu mwenyewe, neno kwa neno, alimfundisha vizuri, na hilo linamuuma kuliko midomo ya bluu, basi hapana, imetosha, leo wataandika yote mawili kwenye meza moja, na akitokea wa kumwambia tena ile kwanza yao, hanyanyuki kwenye kiti, wamwitie mlinzi, wamwitie na polisi, "Yaache, baba, wayaone," anaiondoa kanga, nesi anageuza karatasi yake, "Ishirini na moja!" anaita, bila kumtazama mtu.