Kioo Kwenye Kaburi la Bibi Orlena

Bibi yangu Orlena aliniachia maagizo mawili. Jogoo mwekundu asichinjwe mpaka achoke kuwika mwenyewe. Na yeye azikwe miguu ikielekea mashariki, kama watu wote wa kilima chetu, ili siku ya ufufuo ainuke akimtazama Bwana usoni.

"Sitaki kuanza uzima wa milele nikizungukazunguka kama ng'ombe aliyekosa zizi," alisema. "Delphie, wewe utahakikisha."

Nikaahidi. Kumwahidi mtu aliye kitandani si kazi, hakuna umati wa kukutazama.

Alifariki mwezi wa pili, mvua ya barafu ikinyesha. Mjomba Birchel, mwanawe, alikuwa amemtengenezea jeneza kwa mbao za mjozi alizozitunza miaka tisa. Upande wa miguu palikuwa na fundo jeusi la mti, kubwa kama yai la kuku. Wanaume sita walilipandisha kilimani wakiteleza. Kwenye geti la makaburi walilitua, wakapuliza vidole, wakabadilishana mikono, wakalinyanyua tena. Walipolishusha kaburini nikaliona lile fundo. Lilikuwa upande wa magharibi.

Nikafungua mdomo. Sasa, mimi ni mtu ambaye muuza duka aliwahi kunipimia chumvi badala ya sukari, nikaibeba mpaka nyumbani, nikamwambia Bibi kwamba sukari imeadimika. Sauti iligoma kabisa. Nikakohoa. Mama mmoja akanipa peremende. Nikainyonya, na Bibi akafukiwa akiwa kinyume.

Ndugu Estill, mhubiri wetu, naye alikuwa mmoja wa wale sita. Alisimama akasema, kwa ile sauti yake inayopanda na kushuka kama wimbo, kwamba dada Orlena amelala alivyotaka, miguu mashariki, na asubuhi ya ufufuo atafumbua macho na kumwona Bwana. Watu wakalia. Mimi nililia kuliko wote, wakasema nilimpenda sana.

Tangu hapo sikuwa na raha. Kwamba Mungu angemfufua Bibi, hilo niliamini bila wasiwasi. Kumgeuza ndiko nilikoona kutamshinda. Kwa hiyo mwezi wa nne nilichukua kioo cha mkono cha Bibi, chenye maua ya waridi mgongoni, nikakichimbia mwisho wa kaburi upande wa magharibi, nikakiinamisha kidogo. Akiinuka akitazama kusikofaa, basi walau aone kioo, na ndani ya kioo aone kinachokuja nyuma yake. Nilijilaza juu ya nyasi kupima kama kimekaa sawa. Nilirudi nyumbani nikijiona mwenye akili sana.

Ndugu Estill naye alipata shida yake. Wahubiri wetu hawaandiki mahubiri. Husimama na kungoja kupewa neno na Mungu. Lakini Jumapili baada ya Jumapili yeye alisimama, akapangusa uso kwa leso, akasema, "Leo sijapewa kitu," akaketi. Wengine walisema ni unyenyekevu. Mjomba Birchel alisema ni meno yanamuuma.

Mwezi wa sita huwa tunafanya mkutano wa kuwakumbuka wafu wetu, palepale makaburini, vyakula vikiwa juu ya meza ndefu. Nilikuwa nakoroga sufuria la maharage juu ya kuni na kujifuta jasho kwa mkono, mara Mjomba Birchel akatokea kwenye makaburi, fyekeo mkono mmoja, kioo mkono mwingine.

"Hiki nimekikuta kwenye kaburi la mama," aliwaambia watu. "Nani amekichimbia?"

"Labda alikwenda nacho," alisema mzee mmoja. "Wanawake hupenda kujitazama."

"Mama? Alijitazama mara moja, siku ya harusi, akasema inatosha."

"Basi ni uchawi huo."

"Uchawi wenye maua ya waridi?"

"Basi ni msichana aliyezika kioo ili amwote mchumba," alisema mke wa yule mzee, na watu wote wakageuka kunitazama. Kilima kizima hakina msichana mwingine ambaye hajawahi kusindikizwa na mtu hata mpaka kisimani.

Ndugu Estill alikuwa ameketi kwenye kigogo karibu na sufuria langu, akingoja zamu ya kuhubiri kama anayengoja kung'olewa jino. Nikamwinamia.

"Ndugu Estill, kioo ni changu."

"Unatafuta mchumba?"

"Hapana. Bibi amelazwa kinyume. Nililiona fundo."

Aliyatazama maharage mpaka yakaanza kushika chini.

"Hata mimi nililiona, mwanangu."

"Uliliona, kisha ukahubiri vile?"

"Miguu yangu ilikuwa imeganda. Kamba zimelowa, Birchel angefoka. Nikajiambia, nani atajua? Halafu nikausema ule uongo kwa sauti nzuri." Alipangusa uso. "Tangu siku ile nikisimama sipewi kitu. Hata mimi ningekuwa Yeye, nisingempa mtu kama mimi."

Akainuka. Alikwenda mbele ya watu, akawaambia yote kwa sauti ya kawaida, bila kuimba: geti, fundo, miguu yake iliyoganda, uongo wake.

"Miezi minne mama yangu yuko kinyume," alisema Mjomba Birchel taratibu, "na wewe unakuja kwangu kula maharage?"

"Nimekula, Birchel. Na nikaongezwa."

"Nani mwingine aliona?"

Hapo ningeweza kukohoa tena. Nilikuwa hata na peremende mfukoni. Nikanyoosha mwiko juu.

"Mimi," nilisema, na sauti ikatoka kama ya bawaba yenye kutu. "Bibi alinikabidhi jambo hilo, nikanyamaza. Na kioo ni changu. Nilikiweka ili aone nyuma."

"Kama cha lori," alisema mtu, na watu wakacheka mpaka wengine wakaketi.

Mjomba Birchel hakucheka. "Majembe yapo. Tumfukue, tumlaze sawasawa."

"Mkifukua, nitachimba wa kwanza," alisema Ndugu Estill. "Lakini nimepewa neno sasa hivi, ni fupi. Mariamu alisimama penye kaburi analia, akitazama ndani. Alitazama upande usiofaa, na Bwana yuko hai nyuma yake. Bwana hakumgombeza kwa hilo. Alimwita jina, naye akageuka. Mimi naamini jambo hilo lilitokea, kama ninavyoamini kwamba Birchel amesimama hapo amekasirika. Kama lisingetokea, hata tungemlaza Orlena sawasawa vipi, tungekuwa tumepanga mifupa tu." Akakunja leso. "Aliyeahidi ni Delphie. Aamue yeye."

Watu wakanitazama kwa mara ya pili siku hiyo. Nikamfikiria Bibi.

"Bibi alikuwa akiitwa anasikia, hata yuko bandani na mvua inapiga bati," nilisema. "Akiitwa, atageuka. Mwacheni alale."

Nilijisikia nikisema, nikajua kwamba ninaliamini hilo. Miezi miwili nilikuwa nakiamini kioo.

Mjomba Birchel alitazama kaburi, akatazama majembe.

"Atageuka," alisema mwishowe. "Ila atatugombeza kwanza."

"Hilo," alisema Ndugu Estill, "sihitaji hata kupewa."

Tukaimba, tukala. Maharage yalikuwa yameungua na hakuna aliyesema. Baadaye Mjomba Birchel alinirudishia kioo, akakifuta udongo kwanza kwa shati lake. Nikajitazama. Kutoka ncha ya pua mpaka kidevuni nilikuwa na masizi ya sufuria, na masharubu mawili yaliyokaa vizuri kabisa. Hivyo ndivyo nilivyosimama mbele ya kilima kizima kuushuhudia ufufuo, na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua mdomo kuniambia.

Bibi angeniambia. Siku ya ufufuo, nadhani, hilo litakuwa neno lake la kwanza kuniambia.