Mwanafunzi wa Mama Kimotho

Nyathira, ambaye mjini Bomet wengi walimjua kama Mama Kimotho, alikuwa na duka la sufuria na vyombo vya plastiki, na alikuwa na kikundi cha mapishi kwenye WhatsApp. Duka aliachiwa na mama mkwe. Kikundi alikianzisha mwenyewe, akakiita Jiko Letu, na kwa miaka minne kilikuwa kimefika watu mia tatu na zaidi, kuanzia Londiani mpaka Mulot. Ukimuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomfanya atembee kifua mbele, hangekutajia duka.

Kila mgeni alikaribishwa na yeye. Jina lako nani, unapenda kupika nini, na ujue humu ndani hakuna anayechekwa kwa sababu ya sufuria yake. Ndivyo alivyomkaribisha Kipyegon, mwezi wa tatu, mvua zilipoanza.

"Mimi ni mkulima wa majani chai," Kipyegon aliandika. "Niko na miaka hamsini na moja na sijawahi kupika. Bibi yangu Chelimo alianguka akavunjika mguu, ako hospitali Kericho. Akirudi nataka akute nimejua."

"Tutaanza na ugali," Nyathira akamjibu. "Chemsha maji kwanza. Na usiogope."

Ugali wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa na mabonge ambayo ukiyapasua yanamwaga unga mkavu. Kipyegon alizipiga picha zote akazituma bila kuficha. Chelimo alipotoka hospitali, akawa anashinda kwenye kochi na mguu ndani ya plasta, Kipyegon akaanza kuandika chini ya kila picha maneno ya mke wake. "Chelimo amesema sukuma imeiva, lakini chumvi imekuja na jamaa zake wote." "Chelimo amesema mahindi na maharagwe ya githeri hii yanataka meno ya kukodi."

Watu wakampenda. Ikifika saa moja jioni bila neno lake, kuna mtu atauliza, Chelimo amesema nini leo?

Mwanzoni Nyathira alifurahi. Alimwita mwanafunzi wangu, na yeye Kipyegon alimwita Mwalimu. Kisha ikaja Jumapili moja ambayo Nyathira alipika mukimo wa sherehe, viazi vya kuponda na mahindi, akachuma majani ya malenge mwenyewe, akapanga sahani karibu na dirisha ili mwanga uingie vizuri. Watu kumi na mmoja wakatia dole gumba. Nusu saa baadaye Kipyegon akatuma yai la kuchemsha lililopasuka. "Chelimo amesema hili limekufa mara mbili." Kikundi kizima kikalipuka. Hata Shirley, msusi rafiki wa Nyathira aliyesimamia kikundi pamoja naye, alituma sauti yake akicheka mpaka akakohoa.

Nyathira alizima simu, akaiwasha, akaangalia tena. Yai.

Mume wake, Mbuthia, alikuwa anakula ule mukimo macho yakiwa kwenye televisheni. "Kuna maji?" akauliza. Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa pombe, hakuinua mkono. Lakini katika miaka ishirini na sita hakuwahi kujua mwiko unakaa wapi, na Nyathira alipofanyiwa upasuaji alirudi nyumbani akakuta vyombo vya wiki nzima vikimngoja. Akamletea maji. Akasimama pale nyuma ya kiti chake, akimtazama akinywa bila kugeuka. Kufikia hapo hakuwa tena anamwonea wivu Kipyegon. Alikuwa anamwonea wivu yule mwanamke wa kwenye kochi.

Alhamisi, Kipyegon alimwandikia pembeni, nje ya kikundi. "Mwalimu, Jumamosi dada za Chelimo wanakuja kumwona. Nataka kupika chapati. Yeye sijamwambia, nataka azione tu mezani. Nifanye aje?"

Nyathira alijua kufundisha chapati hata usingizini. Maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo kwenye unga, ukande mpaka ulainike, kisha uufunike upumzike nusu saa. Aliyaandika yote hayo. Akayasoma. Akayafuta.

"Tumia maji baridi," akaandika upya. "Mafuta weka kwa kikaango peke yake. Unga ukishikana ongeza mwingine mpaka ukaze vizuri, halafu usukume hapo hapo, usiulaze. Moto uwe wa chini."

"Asante Mwalimu. Mungu akubariki."

Jumamosi nzima Nyathira alihudumia wateja na simu ikiwa mkononi. Saa nane hakuna picha. Saa moja jioni watu wakauliza Chelimo amesema nini, pakawa kimya. Alitarajia kusikia raha, na kweli ilikuja kidogo, ikakaa kama dakika moja.

Jumapili, alipokuwa amefungua duka baada ya kanisa, ujumbe ukaingia kutoka kwa nambari ya Kipyegon.

"Mama Kimotho, ni Chelimo. Nimechukua simu yake akiwa anakamua. Jana alitoa chapati mbele ya dada zangu zikawa ngumu kama soli ya kiatu. Walicheka. Yeye pia alicheka, halafu akaenda kwa ng'ombe akakaa huko mpaka wageni wakaenda. Ameniambia amekosea mahali. Nimesoma yale ulimwandikia. Mimi nimepika chapati tangu nikiwa msichana, na wewe ndio nimesikia unajua kupika Bomet yote. Hukukosea, ulifanya ukijua. Sijui tulikufanyia nini. Sijamwambia, kwa sababu anakuheshimu."

Nyathira alikaa kwenye kiti cha dukani. Mteja aliuliza bei ya beseni mara mbili, akaondoka.

Angeweza kunyamaza, maana Chelimo alikuwa amemwachia mlango. Jioni hiyo aliandika kwenye kikundi, mbele ya wote: "Kipyegon hakukosea chapati. Mimi nilimfundisha vibaya, na nilifanya makusudi. Niliona wivu. Kipyegon, nisamehe. Chelimo, nisamehe." Akaongeza maelezo sahihi, kuanzia maji ya uvuguvugu mpaka ile nusu saa.

Shirley alimpigia papo hapo. "Tabia gani hii, Nyathira? Mtu anauguza bibi yake."

"Najua."

"Wageni wa kikundi nitakuwa nawakaribisha mimi."

"Sawa," Nyathira akasema, ingawa neno hilo lilimuuma kuliko yote.

Kipyegon hakujibu kwa siku tisa. Siku ya kumi akatuma picha. Chapati zilikuwa na madoa ya kahawia pale panapofaa, zimekunjika bila kuvunjika, na pembeni ulionekana mkono wa mwanamke ukinyofoa kipande. "Chelimo amenielekeza akiwa ameketi. Amesema leo naweza kuolewa," aliandika. Hakumtaja Mwalimu popote.

Nyathira aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Wivu ulikuwa bado upo, mzimamzima. Akatia dole gumba lake kati ya mengine mia mbili, kisha akaenda sebuleni alikokuwa mume wake.

"Baba Kimotho, njoo unikatie vitunguu."

Mbuthia aligeuka kutoka kwenye televisheni, uso umejaa wasiwasi wa kweli. "Kwani unaumwa?"

"Siumwi."

Akamtazama tena, kana kwamba anatafuta homa. "Sasa vitunguu ni vya nini?" akauliza, na Nyathira akabaki amesimama mlangoni akingoja aone kama atainuka.