Majina Chini ya Nyayo za Askari

Sheria mpya ziliandikwa na Placide, lakini ile mbaya kuliko zote niliitunga mimi. Nasema mapema, watu wasije wakamlaumu bure.

Mimi na Placide tulikuwa walimu wa shule moja hapa Uvira. Mwaka wa uhuru, Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifundisha nasi aliondoka mbio, akatuachia sanduku la askari wadogo wa chuma, wa vita vya zamani vya Wazungu, kila mmoja kimo cha kidole gumba, pamoja na kijitabu cha sheria. Unawapanga mezani, unapima mwendo wao kwa rula, unarusha dadu kujua nani ameanguka. Miaka minne tulicheza kila Jumapili baada ya misa, na wake zetu walitucheka mpaka wakachoka.

Mwaka wa 1964 waasi wakaingia mjini. Shule ikafungwa, na vijana tuliowafundisha wakaenda nao kupigana uwandani, huko Luberizi na Luvungi. Mdogo wangu André alikuwa mmoja wao. Nilimfundisha mwenyewe darasa la pili, na hakuniaga. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

"Hizi sheria za Muzungu ni za uongo," Placide aliniambia. "Benye kufa banarudi ku meza kila dimanshi, kila Jumapili. Miye nimeandika zingine."

Katika sheria zake kila askari alikuwa na jina, na aliyeanguka alitiwa kwenye kopo la biskuti asicheze tena. Majina ya vijana wale waliokwenda vitani tuliyakata kwenye rejista za zamani za shule, tukayabandika chini ya nyayo zao. Nami, kwa ukali wangu wa darasani, nikaongeza sheria moja: kabla ya mchezo majina yote yaitwe kwenye rejista mpya, kila mmoja wetu awaitikie askari wa upande wake "présent", yaani nipo, kama darasani, na asiyekuwepo mezani ahesabiwe mtoro, aingie koponi pamoja na wafu. Nilijiona mwerevu kweli.

Jumapili ya kwanza walianguka Firmin na Sévère. Jumatano kukawa na kilio kwa kina Firmin, Ijumaa kwa kina Sévère. Nikasema vita ni vita. Jumapili iliyofuata alianguka Kizito peke yake, na kufika Jumanne mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka wa msiba. Hapo nikaogopa, tena sana.

Habari zikavuja. Mama Domitille, jirani yangu, alikuja na kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mwalimu, nasikia Léopold wangu iko ku meza yenu," alisema. "Mumuweke nyuma. Ni ile tu naomba."

Alipoondoka nilimwambia Placide tufunge sanduku, tulitupe ziwani.

"Tukifunga, hakuna mwenye atakuwa ku meza," alijibu. "Sasa ile sheria yako inasema nini juu yabo?"

Wote wangekuwa watoro.

Basi Jumapili ya tatu nilifanya ujanja. Kabla Placide hajaketi, nilimchukua askari wa André, nikamtia mfukoni, mbali na dadu. Jina likiitwa ningeitika tu, kama wanafunzi wanavyomwitikia mwenzao aliyetoroka. Kwa kosa hilo nimechapa watoto wengi.

Placide alifungua rejista, kichwa kimeinama. Léopold, nikaitika. Akaita André. Kabla sijafungua mdomo, sauti ilisema kutoka kwenye ngazi za nje:

"Présent."

Haikuwa sauti ya kijana wa miaka ishirini. Ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili, nyembamba, yenye haraka ya kutaka kusikika. Placide alitia alama, kisha akainua kichwa polepole.

"Ni weye umeitika?"

"Hapana."

Tulitoka. Uani palikuwa na mihogo iliyoanikwa mpaka ukingoni mwa ngazi, na hakuna hata kipande kilichokuwa kimekanyagwa. Dadu hatukurusha siku hiyo, wala siku nyingine.

Vita vilipokwisha, Léopold alirudi akichechemea. Wengine tuliwalilia. Kuhusu André hakuna aliyejua lolote, si kaburi, si shati. Placide alihamia Bujumbura akaniachia sanduku na rejista, na kila Jumapili baada ya misa naita jina moja tu. Sauti inaitika, ile ile, haikui.

Mama yangu hajamwekea kilio mpaka leo. Ananingoja chumba cha pili. "Ameitika?" ananiuliza. Namwambia ameitika, naye anaenda kupika.

Padri ameniambia nimwache mtoto apumzike. Najua. Lakini nilimchapa André mara moja tu maishani, kwa utoro, akiwa na miaka minane, na tangu siku hiyo hakukosa darasa hata mara moja. Ni mimi ninayepaswa kumwambia kwamba shule imefungwa, arudi alikotoka. Jumapili ikifika namsikia mama akisogeza kiti chake karibu na mlango, nami nafungua rejista.