Gauni la Made in Europe

Shangazi ana duka la magauni. Mbele kuna kioo na taa. Nyuma ya pazia kuna cherehani mbili, pasi na mimi. Watu wanajua nakaa pale kupunguza urefu tu. Nikimaliza kushona gauni, nachukua lebo nyeusi kutoka kwenye bunda lake na kuipachika ndani ya shingo. Imeandikwa Made in Europe. Darasa la tano sikulimaliza, lakini maneno hayo nayaandika hata nikifumba macho. Shangazi husema nguo haina mdomo, lazima isemewe.

Dada yangu alipochumbiwa, mama alitangaza mtaa mzima kwamba bibi arusi hatavaa gauni la fundi wa uchochoroni. Atavaa la Made in Europe. Alimwambia kila aliyeuliza, na ambao hawakuuliza pia. Mimi alishanipangia: arusi ikipita nirudi nyumbani kulea watoto wa kaka, maana mwaka wa pili huu niko kwa shangazi na hajaona hata leso niliyoshona. Shangazi alikuwa amenikataza kusema kwamba magauni nayashona mimi. Sikusema.

Gauni la dada nililishona kwa siku kumi na moja. Pindo nililimalizia kwa mkono, kama mama alivyonifundisha nikiwa mdogo: uzi haufungwi fundo, unarudishwa nyuma mishono mitatu, kisha unazamishwa ndani ya kitambaa. Yeye alifundishwa na bibi. Sijaona mtu mwingine anayefanya hivyo. Nilijua mama akilipindua pindo ataona, na hapo hataniondoa kwenye cherehani.

Walikuja Jumamosi kulijaribu: dada, mama na jirani yetu muuza mkaa. Gauni lilimkaa dada kama amemiminiwa. Jirani akanusa bega, akasema hata harufu yake ni ya ndege iliyolileta. Wakacheka. Dada akaniambia nisilishike kwa mikono yangu ya mafuta ya cherehani. Nikaiweka mikono nyuma.

Mama akapiga magoti kuangalia urefu. Akalipindua pindo. Kidole gumba chake kikatembea juu ya mshono, kikafika mwisho wa uzi, kikasimama. Kikarudi nyuma, mishono mitatu. Akainua macho, akanitazama. Nilisubiri.

“Vipi, mama bibi arusi?” jirani akauliza. “Kuna kasoro huko chini?”

“Kasoro itoke wapi,” mama akasema, akalishusha pindo. “Mwenzangu, hii ni Made in Europe. Hapa kwetu nani ana mkono huu?”

Jirani akakubali kwamba kweli hakuna.

Dada alipokwenda kuvua, mama alinifuata nyuma ya pazia. Hakukaa. Alizungumza huku akiitazama cherehani.

“Utabaki kwa shangazi yako. Watoto wa kaka yako nitawalea mwenyewe.”

“Sawa, mama.”

“Ila dada yako asijue. Wala mtu mwingine. Umenielewa?”

Nikasema nimeelewa. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, na sikuhisi kitu. Shangazi akapitisha mkono penye pazia, akanipa gauni. Dada anataka kiuno kibanwe kidogo, akasema, na ameomba sana fundi asije akaliharibu. Nikatafuta wembe, nikaanza kufumua.