Zinki, na Maji ya Jaruba la Juu

"Shemeji, tangu lini mzima akapewa dawa?"

Ndivyo jirani yangu alivyoniuliza siku ile, amesimama kwenye tuta, mikono nyuma. Mimi nilikuwa na bomba mgongoni, nanyunyizia majani ya mpunga usio na ugonjwa wowote. Ananiita shemeji kwa sababu yeye na marehemu mume wangu walikua kama ndugu. Wengine wanamwita Mkaguzi, maana hakuna kinachompita bila kukisemea.

"Si dawa," nikamjibu. "Ni zinki. Mbolea ya majani."

"Mbolea inawekwa chini. Kwani wewe unalishwa kupitia mgongoni?"

Nilicheka, ila moyo haukucheka. Msimu uliopita mchele wangu, ambao jiko la shule lilikuwa likiununua, ulipimwa ukakutwa na kadimiamu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Hiyo ni metali, haionekani wala hainuki, na hukaa mwilini miaka mingi ikiumiza figo. Ilitoka kwenye karakana ya betri iliyokuwa huko juu, unakotoka mfereji wa majaruba yetu ya mpunga. Karakana ilishafungwa, lakini udongo hausahau. Mjukuu wangu wa darasa la pili alikuwa akila mchele ule shuleni, na akirudi nyumbani anaukuta tena sahanini. Mume wangu alikufa kwa figo. Sisemi ndiyo sababu. Mungu ndiye ajuaye. Lakini niliweka nadhiri kwamba msimu huu nikishindwa, jaruba nitaliacha liote nyasi.

Bibi shamba ndiye aliyenifundisha. Alisema zinki na kadimiamu zinagombea mlango mmoja kuingia kwenye punje. Ukiitanguliza zinki kwenye majani, mwenzake anakuta kiti kimekaliwa. Unanyunyizia mpunga ukiwa na mimba, suke likiwa bado ndani ya shina, unarudia masuke yakishatoka, jioni jua likiwa limepoa. Mara ya kwanza nilizidisha kipimo, kwa ile tabia yetu ya kuona kijiko kimoja ni uchoyo, ncha za majani zikaungua. Akanigombeza, kisha akaniambia lililo kubwa zaidi:

"Na zinki peke yake haitoshi, mama. Usikaushe jaruba mapema. Udongo ukikauka, kadimiamu inafunguka, mizizi inaivuta."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sisi huku, suke likiinama tu, tunakata maji, ili mpunga uwahi kuiva na miguu isizame siku ya kuvuna. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotuzaa. Na maji yangu yanapitia jaruba la Mkaguzi. Akifunga yeye, nimekauka mimi.

Nikamfuata nyumbani kwake. Alikuwa anatia jembe mpini.

"Usifunge maji, shemeji. Wiki tatu tu."

"Wiki tatu! Nivune au nivue?"

"Najua naomba kikubwa."

"Umeomba mlima."

Sikubishana. Nilitoa karatasi kwenye mkoba. Bibi shamba alikuwa amepima punje za msimu uliopita za majaruba yote mawili; Mkaguzi alitoa konzi yake ya punje, majibu hakwenda kuyachukua. Elimu yangu ni ya msingi, lakini namba nazisoma. Nikamsomea ya kwangu, kisha ya kwake. Ya kwake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Aligeuka akatazama ndani, ambako wajukuu zake wanne walikuwa wamezunguka sinia la wali. Jembe likabaki mkononi. Nikaaga, nikamwachia Mungu.

Kulipokucha nilikwenda shambani nikiomba njia nzima. Maji yalikuwa yanaingia. Hakukifunga kilango cha maji siku ile, wala wiki ile, wala iliyofuata. Kisha akaja kuazima bomba.

"Nione kama na mpunga wangu unalishwa kupitia mgongoni," akasema.

Ila wake ulipandwa mapema kuliko wangu, kwa hiyo zinki iliukuta umeshakomaa. Tena kwa kukaa na maji kwa ajili yangu, sehemu ya mpunga wake ililala chini, ndege wakaifanya karamu. Hakunilalamikia hata mara moja, na huyo ni mtu anayelalamikia hata kivuli.

Tukavuna, punje zikapimwa tena, majibu yakatoka. Kadimiamu kwenye mchele wangu ilikuwa chini ya kiasi kinachoruhusiwa. Jiko la shule likaupokea. Nilipiga magoti pale pale ofisini kwa bibi shamba, sikujali nani anatazama. Kwenye wa Mkaguzi ilikuwa imeshuka sana, lakini bado ilizidi kidogo.

Jioni alikuja kwangu na karatasi yake. Nikamkaribisha kiti, hakuketi.

"Kwa hiyo wangu hauliki."

"Msimu huu. Ujao tutanyunyizia pamoja, kwa wakati wake."

"Na wajukuu wangu wanne wale nini, majani?"

Nilikuwa nimeshajiandaa. Gunia la mchele wangu lilisimama nyuma ya mlango, nimelishona mwenyewe.

"Hili ni la maji yako, shemeji. Zinki niliipiga mimi, lakini ungefunga kilango, leo ningeshika karatasi kama hiyo. Mungu amenipa chakula kwa kupitia mkono wako. Siwezi kukila peke yangu."

"Lakini mimi nilikucheka."

"Ulinicheka, ukaniachia maji. Ninachokumbuka ni maji."

Aliliangalia gunia, akaniangalia mimi. Akajitwika gunia begani, kwa mkono wa pili akachukua bomba lililoning'inia ukutani, akatoka navyo.