Mbili na Saba

Wivu, jamani, hauna adabu. Yeye ndiye aliyemfundisha wifi yake, mke wa kaka yake, kazi ya lebo pale kiwanda cha dawa, tangu hajui hata skana inashikwaje. Leo wifi huyohuyo anajaribiwa usimamizi! Bosi kila neno "mama lebo, mama lebo". Roho ilimuuma mpaka chai ikamshinda.

Alitaka kumwaibisha tu, basi. Ile mistari minene na myembamba kwenye lebo ni tarakimu, na tarakimu ya mwisho ndiyo askari. Zilizotangulia huzidishwa kwa moja, kwa tatu, moja, tatu, zikajumlishwa, na askari hujazia hesabu ifike makumi kamili. Ukikosea, haijazii, skana inagoma. Basi wifi alipokwenda msalani, yeye akaingia kwenye kompyuta ya mwenzake akageuza tarakimu mbili zilizokaa jirani: mbili na saba zikawa saba na mbili. Ngoja bosi aje!

Bosi akaja. Wifi akapiga skana. Ti! Taa ya kijani.

"Safi sana, mama lebo. Chapeni, bandikeni, pakieni."

Haa! Askari kalala? Akachukua kalamu, akapiga hesabu kiganjani. Mbili mara moja na saba mara tatu, ishirini na tatu. Saba mara moja na mbili mara tatu, kumi na tatu. Zimepishana kumi kamili, na kumi askari haioni! Kati ya tarakimu zote, kachagua zilizoachana kwa tano.

Akaitafuta namba ile mpya kwenye kompyuta. Dawa ya homa, ya watoto; hivyo ndivyo skana za maduka zitakavyoisoma. Na kwenye chupa imo ya wakubwa, kali mara nne.

Angenyamaza, mzigo ungerudi siku moja na wifi angefukuzwa. Wallahi, nusu ya roho yake ilifurahi. Nusu nyingine ikaona kijiko kinaingia mdomoni mwa mtoto wa watu. Akatoka mbio hadi uani, lori limeshapakiwa, linanguruma.

"Simamisheni lori! Lebo mbovu!"

"Mbovu vipi?" bosi akauliza. "Skana imekubali."

"Namba imegeuzwa. Mbili na saba."

Dereva akazima injini. Wifi akamtazama, hakupandisha sauti.

"Wifi, maboksi yamefungwa, na mashine yenyewe haikujua. Wewe umejuaje?"