Ng'ombe wa Ngassa

Ushirombo nzima inajua kwamba mimi, Salvina, mdomo wangu hauna breki. Mkimya ni mume wangu Felician. Dukani yeye hupima chumvi, mimi huwapa wateja habari. Ndiyo maana mwaka sabini na sita, afisa wa kodi ya mapato alipokuja kukagua duka letu, alimwacha Felician na madaftari yake akanifuata uani.

Alikuwa kijana wa adabu. Alinipa shikamoo, akasifu uji wangu, kisha akatazama zizi na kuuliza wale ng'ombe ishirini na sita ni wa nani. Nikamjibu kwamba wote ni wetu.

Wetu walikuwa wanne tu. Waliobaki ni wa Ngassa, mtu wa Mhunze, aliyetuachia tumtunzie ukame ulipomaliza malisho ya kwao. Kwetu sisi, mwenye ng'ombe wa kutunziwa hatajwi mbele ya mgeni. Ukimtaja, umemwitia wezi na wenye kijicho. Unasema ni wetu, na mgeni mwenye akili haulizi tena. Huyu wangu aliandika.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Duka linalotangaza faida kiduchu namna hii limenunuaje ng'ombe wote hao? Felician ajiandae kujieleza, la sivyo atafikishwa mahakamani. Nilimsomea mwenyewe, kisha nikangoja anigombeze. Akaikunja barua, akaniuliza kama nimekula. Upole ule uliniuma kuliko matusi, kwa sababu mtu aliyekuwa anaelekea jela alikuwa yeye, na aliyempeleka ni mimi.

Kesho yake alipanda basi kwenda Shinyanga mjini kumwona wakili mmoja, Bwana Kalisti. Aliporudi alinikariria maagizo ya wakili taratibu, neno kwa neno: "Afisa akija, msalimieni, mpeni kiti, mpeni chakula. Habari za duka na zizi, msiseme lolote mpaka nifike. Kunyamaza si kosa. Mkibabaika ndipo mtakapojifunga wenyewe." Wakili angepitia kwanza Mhunze, maana mwenye ruhusa ya kumtaja Ngassa ni Ngassa mwenyewe.

Alhamisi afisa akarudi, wakili hajafika. Felician alimweleza kwa heshima zote kwamba tunamngoja. Basi akanigeukia mimi, akijua wapi pana mwanya. Alirudia swali la ng'ombe, nikamkaribisha ugali na maziwa ya mgando. Akasema asiye na hatia hatafuti wakili, nikamwongezea maziwa. Hapo adabu ikamwishia. Akasema mume wangu ni mwizi anayejificha nyuma ya kanga ya mkewe.

Felician mwizi! Mtu anayewazidishia wajane chumvi hadi namfokea! Maneno yalinipanda kooni, na jina la Ngassa likiwa mbele. Lakini ningemtaja hapo, ningekuwa nimegeuza maneno yangu mwenyewe, na nani angeniamini tena? Nikauma meno.

Felician akanishika mkono. Mchana kweupe, mbele ya mgeni! Tangu tufunge ndoa pale misheni ilikuwa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kufanya hivyo hata tukiwa wawili njiani. Tuliketi hivyo, tumeshikana, hatusemi, afisa akipekua karatasi zake.

Alasiri wakili akafika, na Ngassa yuko nyuma yake. Ngassa aliingia zizini, akaonyesha alama za ukoo wake kwenye masikio ya ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, akaeleza kwa kinywa chake jinsi alivyowaleta. Wakili akayaandika maelezo, Ngassa akatia dole gumba. Afisa aliyasoma mara mbili. Kisha akasema suala la ng'ombe limekwisha na hakuna wa kupelekwa mahakamani. Akaniaga, nikamwitikia marahaba, basi.

Wageni walipoondoka niliinama kuosha vyombo. Felician akaja akachuchumaa kando yangu.

"Mama Anisia, wamekwenda. Sema sasa."

Nilitafuta neno nikakosa. Machozi yalidondokea kwenye maji ya vyombo.

"Sema chochote," akasema. "Ukinyamaza, nyumba inanitisha."

Nikamwambia nampenda. Kwa maneno yote niliyomwaga duniani, hilo nilikuwa sijawahi kumwambia.